Koti la Watu

Kila siku akitoka shule, Kengele hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye kibanda cha baba yake, fundi cherehani, kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na kinyozi. Alivua viatu mlangoni, akafagia vipande vya vitambaa, akapuliza mkaa wa pasi, kisha akatunga uzi kwenye sindano zote ambazo baba yake angezihitaji jioni ile. Macho ya baba yalikuwa yameanza kumchezea. Alikuwa akililenga tundu la sindano kama mtu anayemfukuza nzi.

Kengele halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Siku aliyozaliwa alilia kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili, na mkunga aliyempokea akasema kwamba huyu si mtoto, ni kengele. Jina likaganda. Mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka mitano, aliitwa Babu, kwa kuwa alirithi jina la baba mzazi wa baba yao. Wageni walicheka wakimsikia mama akisema, "Babu, njoo nikufute makamasi." Babu alishinda chini ya meza ya kukatia, akipanga vifungo kwa rangi zake, na wateja wote walijua kwamba mtu akikosa kifungo amwulize Babu kwanza, fundi baadaye.

Alasiri moja aliingia Bibi Mkunga, yule yule aliyempa Kengele jina lake. Alikuwa amestaafu, na miguu ilimuuma, lakini nusu ya watoto wa mtaa ule walikuwa wamepita mikononi mwake, na hakuna aliyempita njiani bila kumwamkia. Alitoa kwenye mfuko koti jeusi la sufu, akalitandaza mezani, akalinyoosha kwa viganja kama anayemlaza mtoto.

Alieleza kwamba lilikuwa la mwanawe, dereva wa treni, aliyefariki miaka mingi nyuma. Sasa mjukuu wake, mtoto wa huyo marehemu, alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi, na bibi alitaka siku ya kupokea cheti kijana avae koti la baba yake. Shida ilikuwa moja tu: baba alikuwa mpana, na mtoto alikuwa mwembamba kama uzi. Koti lilihitaji kupunguzwa mabega na kiuno bila kuliharibu.

"Usiliharakishe, mwanangu," alimwambia fundi. "Siku yenyewe bado iko mbali, na mimi sina kitu kingine cha kwake."

Baba alilitundika kwenye msumari wa ndani, akalifunika kwa kitambaa safi, akamwambia Babu asiliguse hata kwa kidole. Babu alilitazama kwa heshima kubwa, akauliza kama vifungo vyake vilikuwa vya treni.

Wiki iliyofuata Babu akaanza kukohoa. Mwanzoni walidhani ni mafua ya kawaida, lakini homa ikapanda, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na mama akambeba mgongoni hadi hospitali. Walimlaza. Mama akabaki naye wodini, akilala sakafuni kando ya kitanda, na Kengele na baba yake wakabaki wawili nyumbani, wakila kwa kupeana zamu ya kukosa hamu.

Ndipo vitu vilipoanza kuondoka. Nyuma ya soko palikuwa na mzee aliyekopesha watu fedha kwa rehani. Ukimpelekea kitu, alikupa fedha na kukaa na kitu chako. Ukirudisha fedha na nyongeza yake kabla ya muda kuisha, ulichukua chako. Muda ukipita, alikiuza. Mwenyewe hakupenda neno rehani. Kila mtu aliyemwachia kitu kwa uchungu alimwambia, "Usijali, nakutunzia tu," na hivyo watu wakamwita Mzee Nakutunzia, ingawa si mbele yake. Redio ilikwenda kwa Mzee Nakutunzia. Baiskeli ya baba ikafuata, kisha saa ya ukutani, kisha kitenge kipya cha mama kilichokuwa bado kwenye karatasi yake. Cherehani peke yake ndiyo haikuguswa, kwa sababu bila cherehani wasingepata hata cha kumpelekea mama wodini.

Kisha daktari akasema kwamba dawa aliyokuwa akitumia Babu haimsaidii, ipo nyingine yenye nguvu zaidi, lakini stoo ya hospitali haina; wakanunue nje. Kengele alikuwepo aliposema. Alimwona baba yake akitikisa kichwa kukubali, kama mtu mwenye fedha mfukoni.

Kesho yake, alipofika kibandani kutoka shule, msumari wa ndani ulikuwa mtupu. Kitambaa safi kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Baba, koti la Bibi Mkunga liko wapi?"

Baba aliendelea kukanyaga cherehani, ingawa hapakuwa na nguo chini ya sindano.

"Liko kwa yule mzee. Nikimaliza hizi sare za wateja nitalitoa. Mama yako asijue, ana yake ya kutosha."

"Lakini si letu."

"Najua si letu," baba alisema polepole. "Babu ndiye wetu."

Kengele alichukua ufagio akafagia mahali ambapo palikuwa safi tayari.

Dawa ilinunuliwa. Kwa siku chache homa ilishuka, na Babu akaomba aletewe vifungo vyake. Kengele alimpelekea mkebe mzima, akakaa ukingoni mwa kitanda, wakavipanga juu ya shuka, vyeupe kwa vyeupe, vya buluu kwa vya buluu. Mama alicheka siku ile. Baba naye alianza kushona akipiga mluzi. Kisha asubuhi moja mwalimu wa zamu alikuja mlangoni mwa darasa, akamwita Kengele nje, na alivyomwekea mkono begani, Kengele akajua kabla hajaambiwa.

Wakati wa msiba, Bibi Mkunga alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alikaa mkekani na mama, akamshika mkono bila kusema maneno mengi, akamlazimisha kunywa chai. Aliwaambia wanawake waliokuwepo jinsi Babu alivyozaliwa kimya, tofauti na dada yake, hadi akadhani hatapumua, na jinsi alivyofumbua macho kwanza ndipo akalia kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Watu walilia na kutabasamu kwa pamoja. Kengele hakuweza kukaa karibu naye. Kila bibi alipomwita, alijifanya ametumwa maji. Baba yake naye, kila bibi alipopita, aliinamisha kichwa.

Kuhusu koti, bibi hakuuliza neno.

Msiba ulipokwisha, maisha yalirudi, lakini yalirudi nusu. Mama hakuzungumza. Alipika, akapakua, mara nyingine akapakua sahani ya nne, kisha akakirudisha chakula chunguni bila kumtazama mtu. Chini ya meza ya kukatia hapakuwa na mtu. Sare zilizokuwa zilipiwe zililipiwa, lakini fedha yote iliingia kwenye deni la jeneza na la duka la vyakula, na koti likaendelea kutunzwa na Mzee Nakutunzia.

Siku moja, Bibi Mkunga alionekana akija kwa mbali, akichechemea. Baba alimwona kwanza. Aliacha kazi, akaingia nyuma ya pazia ambako wateja walijaribia nguo, akamwambia Kengele aseme fundi ameenda kununua uzi. Kengele akasema. Bibi akaitikia, akamwambia ampe salamu, akaondoka. Alirudi siku nyingine, na Kengele akasema fundi ameitwa kwa mteja. Mara ya tatu akasema koti limebaki vifungo tu. Uongo huo wa tatu haukutoka kwa baba. Kengele aliutunga mwenyewe, na ulitoka kwa urahisi uliomtisha. Usingizi ukawa unamkimbia. Shuleni alikuwa akiitwa jina asisikie.

Mara ya nne bibi hakuondoka. Baba alikuwa tayari nyuma ya pazia. Kengele alisema fundi hayupo, na bibi akavuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu yake inayouma.

"Nitamsubiri. Nyumbani nafanya nini? Sherehe ya mjukuu wangu ni Jumamosi ijayo." Aliangaza macho kibandani, kisha yakashuka chini ya meza. Sauti yake ikabadilika. "Mwenzako alikuwa akikaa pale. Alinionyesha kifungo kimoja, akaniambia hicho ni cha rais. Nikamwuliza, rais amebaki na nini? Akasema rais amefunga pini."

Kengele alitaka kucheka. Badala yake machozi yalimtoka, na yalipoanza hayakukoma. Bibi alimvuta karibu, akampangusa uso kwa ncha ya khanga yake, akidhani analilia ndugu yake tu. Upole ule ndio uliomshinda Kengele.

"Bibi, koti halipo," alisema. "Liliwekwa rehani kwa ajili ya dawa ya Babu. Na baba yupo hapo nyuma. Nimekudanganya siku zote hizi."

Pazia lilitikisika. Baba alitoka, futi yake ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, akasimama mbele ya bibi kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Hakumkemea Kengele. Alisema tu kwamba mtoto amesema kweli yote, na kosa ni lake yeye peke yake.

Bibi Mkunga aliutazama ule msumari mtupu wa ndani. Nje kinyozi alikuwa akizungumza na mteja wake, na maneno yao yalisikika waziwazi. Hatimaye aliuliza kama dawa yenyewe ilipatikana. Baba akasema ilipatikana, na Babu aliitumia.

"Basi hapo sina neno," bibi alisema. "Ungekuja kwangu ukaniambia, mama, mtoto anakufa na sina kitu, ningelipeleka koti mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Mwanangu angekuwa hai angelivua akakupa. Koti haliniumizi, fundi. Kinachoniumiza ni kwamba nilikaa na nyinyi msibani, nikawa nawaona mnanikwepa wewe na mtoto, nikasema moyoni, ni majonzi. Kumbe mlikuwa mnaniogopa. Na huyu mtoto umembebesha mzigo huo juu ya ule wa ndugu yake."

Baba alijifuta uso kwa futi, labda hata hakujua ameishika. Bibi aliinuka, akachukua mfuko wake.

"Haya, twende huko," alisema.

Walikwenda watatu, kwa mwendo wa bibi. Duka la Mzee Nakutunzia lilikuwa refu na la giza. Nyuma kulikuwa na mafeni, magodoro, majembe na redio nyingi, na mbele, karibu na mlango, vilitundikwa vile ambavyo muda wake ulikuwa umepita. Kengele aliiona baiskeli ya baba yake mbele. Kisha akaliona koti. Lilikuwa mwilini mwa mtu. Bwana mmoja mnene alikuwa amesimama mbele ya kioo, akijigeuza huku na huku, akijaribu kulifunga tumboni.

Mzee Nakutunzia aliwapokea kwa upole wake wa kawaida. Alisema anasikitika, alisikia habari za msiba, lakini muda ulipita siku nyingi na yeye naye ana familia. Koti sasa lilikuwa la duka.

Bibi Mkunga alimwendea yule bwana, akamwamkia vizuri, kisha akamwambia, "Samahani, mwanangu. Limekupendeza. Lakini hilo ni koti la marehemu mtoto wangu."

Bwana yule alilivua haraka sana, akalishikilia kwa vidole viwili, akamkabidhi bibi, akatoka bila kuaga. Mzee Nakutunzia aliguna. Alisema kwamba kufukuziwa mteja si jambo la kiungwana, na kwamba hata hivyo koti halitoki dukani bila deni lote na nyongeza yake. Bibi alianza kufungua fundo la khanga yake, lakini baba akamzuia mkono.

"Hapana, mama. Umeshanikopesha bila wewe kujua. Sasa iwe zamu yangu." Akamgeukia mwenye duka. "Nitakuletea cherehani. Hiyo ni yangu kweli."

Mzee Nakutunzia aliwaza, akaikumbuka cherehani ile, akakubali. Baba alikodi mkokoteni. Yeye alivuta na Kengele akasukuma, na kwa kuwa ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, mtaa mzima uliwaona. Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi, akasimama bila kuuliza. Dukani, baba aliipangusa cherehani vumbi kwa shati lake, akatoa bobini iliyokuwa na uzi ndani, akaitia mfukoni. Kisha akapokea koti.

Siku zile zilizobaki alilishona kwa mkono, tangu asubuhi hadi jua likizama, mlangoni kwenye mwanga. Alitengua mishono ya mabega, akaifungua bitana, akapunguza kiuno kwa vipimo vya kijana. Kengele alikaa kando yake akimtungia sindano. Jioni ya kwanza baba alimwambia mama kila kitu, bila kujipunguzia. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba alipokuwa amelala chini pale wodini alijipa moyo kwamba baba anahangaika na yeye anahangaika, wako pamoja. Kumbe alikuwa ameachwa peke yake. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu msiba. Kisha akachukua koti, akakagua pindo kwenye mwanga, akamwambia baba kwamba mshono mmoja umekwenda upande, autengue.

Ijumaa mjukuu wa Bibi Mkunga alikuja kulijaribu. Lilimkaa sawasawa. Bibi alimzunguka, akamgusa bega, akakaa chini ghafla, akaficha uso wake kwa khanga. Alipotulia alitoa malipo ya kazi. Baba alikataa. Bibi akamwambia kazi ni kazi, na akikataa fedha yake atamfanya yeye naye awe mtu wa madeni. Baba akapokea kwa mikono miwili.

Lakini habari haikubaki kibandani. Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, kwa maneno ya upole: huyu amebadili mawazo, yule atasafiri. Hakuna aliyemtukana baba, na labda ingekuwa afadhali wangemtukana. Alifunga kibanda, akaenda kuomba kazi kwa fundi kijana wa sokoni ambaye zamani yeye ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Alilipwa kwa kila nguo, akikalia cherehani ya mwenzake. Mama alianza kufua nguo za watu. Kengele, akimaliza masomo, alishona vifungo nyumbani, na kila alipofungua mkebe aliuinamia kidogo kabla ya kuchagua.

Mvua zilikuja zikapita. Kila mwezi baba alipeleka nyongeza kwa Mzee Nakutunzia ili cherehani isitundikwe mbele, na polepole akapunguza deni lenyewe. Redio na saa hazikurudi. Baiskeli walimwona nayo mtu mwingine. Lakini cherehani ilirudi. Siku hiyo mama naye alikuja kusukuma mkokoteni, na walipofungua kibanda, vumbi lilikuwa limelala kila mahali isipokuwa chini ya meza, ambako mama aliingia kwa magoti akapafuta kwanza.

Wateja hawakurudi wote. Siku ya pili alikuja mama mmoja na sare ya mtoto wake, akauliza, akiona haya kidogo, kama kweli ataipata. Baba akamjibu kwamba ana haki ya kuuliza, na kwamba akitaka akae hapo hapo aisubiri. Mama yule akakaa. Baba akashona mbele yake.

Alipoondoka, baba alisimamisha cherehani kwa kiganja, akamwita Kengele akae karibu.

"Mwanangu, nataka nikwambie jambo, nawe ulishike. Mtu akikuachia kitu chake, hajakupa kitu tu, amekupa imani yake. Mimi nilikuwa na shida ya kweli, na nilimpenda ndugu yako. Lakini shida haikukigeuza cha mtu kuwa changu. Nilipaswa kwenda kwa mwenyewe nikamwomba, hata kama ningeona aibu. Aibu ile ingekuwa ya siku moja."

Kengele alidhani amemaliza.

"Na kuna baya zaidi ya hilo," baba alisema. "Nilikufundisha kutunga sindano. Halafu nikakufundisha kudanganya, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikiwa nyuma ya lile pazia nilikusikia unasema vifungo tu ndiyo vimebaki, na mimi sikukutuma hilo. Sijawahi kuumia hivyo ila siku moja tu nyingine. Kwa hilo nakuomba radhi. Mtu mzima akikutuma uongo, kataa. Kataa kwa adabu, lakini kataa."

"Hata akiwa wewe?"

"Hasa akiwa mimi."

Kengele alitazama mikono yake. Kisha alisema, kwa sauti ndogo isiyofanana kabisa na jina lake, kwamba angetaka lile pazia lisogezwe, liwekwe upande wa pili, mahali ambapo mtu aliye mlangoni anaona waliomo wote. Baba hakumwuliza kwa nini. Aliinuka, akachukua nyundo, akaanza kung'oa misumari.